Jina la Mtu Huitikiwa na Mtu



Wapendwa waamini, nanyi wasomaji wetu mlio nje ya parokia, juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, na wengine watalicheka. Ni jina la mbwa. Swali limetufikia zaidi ya mara moja, nalo linaulizwa hivi: mtu akimpenda mbwa wake, akamlisha na kumtunza, kuna ubaya gani akimpa jina la heshima, jina la kibinadamu, mathalani Yosefu, Masanja au Magdalena? Wanaouliza hawana nia mbaya. Wanasema mbwa ni kiumbe wa Mungu, na kwamba kumwita kwa jina zuri ni bora kuliko kumfukuza kwa mawe.

Jibu letu ni hapana, na tunalitoa bila kuzungukazunguka. Hatusemi hapana kwa kuwa mbwa ni najisi, wala kwa kuwa hastahili heshima. Tunasema hapana kwa kuwa jina la mtu lina mwenyewe. Lakini pia, kabla ya kumaliza, tutawaambia wanaokasirika mbwa akiitwa Yosefu kwamba huenda wana kazi kubwa zaidi ndani ya nyumba zao kuliko kumgombeza jirani.

Tuanze na jina lenyewe. Katika nchi hii ya Wasumbwa na Wasukuma, jina halitolewi ovyo. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula akiwa wa kiume, na Kabula akiwa wa kike. Ukilisikia jina umekwisha kusikia habari za siku ile mama alipojifungua, na pengine habari za babu ambaye mtoto amerithi jina lake. Tangu wamisionari, wale tuliowazoea kwa jina la Mapadre Weupe, walipofungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, majina hayo yamekaa pamoja na majina ya watakatifu, na mtu mmoja huyabeba yote mawili bila ugomvi. Kanisa nalo halilichukulii jina kama pambo. Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2158, inafundisha kwamba jina la kila mtu ni takatifu, na kwamba ladai heshima kwa sababu ya hadhi ya yule anayelibeba.

Zaidi ya hayo, lugha yetu wenyewe inatufundisha. Jina la mtu huitikiwa. Mwite mwanamume aliye shambani, atajibu "Naam". Mwite mwanamke aliye jikoni, atajibu "Abee". Hapo ndipo tunapopata kipimo cha haki katika jambo hili, nacho ni chepesi hata kwa mtoto wa Kipaimara: simama mlangoni jioni, liite jina hilo kwa sauti kubwa, kisha usikilize. Kama kuna mtu atakayeitika, jina hilo si la mbwa wako.

Sasa tuwatazame wanaovunja kipimo hiki. Wako wa aina mbili, nao hawafanani hata kidogo.

Wa kwanza ni wale wanaompa mbwa jina kwa hasira. Hawa hawatafuti jina la heshima kwa ajili ya mnyama. Wanatafuta njia ya kumtukana mtu bila kushikwa. Umegombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, unanunua mtoto wa mbwa, unampa jina la jirani au la mkwewe, na kila jioni unamwita kwa sauti ili amri za "Kaa chini!" na "Toka hapa!" zivuke ua. Ukiulizwa, unajibu kwamba ulikuwa unaongea na mbwa wako. Wengine hawatumii jina la mtu bali hutumia sentensi nzima: Mtasema Sana, Wabaya Wetu, Tutaonana. Ni desturi ya zamani, wala haikuzaliwa kwetu peke yetu. Miongoni mwa Wabaatombu wa kaskazini mwa Benin, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulieleza jinsi mtu aliyekosewa anavyompa mbwa wake jina la methali ili amjibu mkosaji wake bila kumtaja. Huko pwani, kanga zimefanya kazi hiyo hiyo kwa muda mrefu, na ni vema kukumbuka kwamba maandishi yale ya kanga huitwa "jina". Mwanamke huivaa, hupita, na aliyekusudiwa huelewa.

Yuko atakayesema kwamba mafumbo ya namna hiyo hupunguza ugomvi, kwa maana ni afadhali mbwa aitwe Mtasema Sana kuliko watu kushikana mashati. Tunakiri kwamba fumbo lina nafasi yake. Lakini kanga hufunika mwili wa yule anayesema. Anasema kwa nafsi yake, na aibu ya maneno yake anaivaa mwenyewe. Mwenye mbwa hujificha nyuma ya mnyama asiyejua kitu. Na fumbo likiwa ni jina la mtu, halibaki fumbo tena. Linakuwa tusi, maana kwetu kumlinganisha mtu na mbwa ni kumshusha hadi chini kabisa.

Tena jina likishatoka mlangoni, mtoaji hana uwezo wa kuwachagulia watu namna ya kulisikia. Mwezi Agosti mwaka 2016, huko Sango Ota katika jimbo la Ogun nchini Nigeria, mfanyabiashara mdogo alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa sababu alimwita mbwa wake Buhari na kuliandika jina hilo ubavuni mwa mnyama. Nchi nzima ilifikiri kwanza juu ya Rais Muhammadu Buhari, lakini aliyelalamika alikuwa jirani, akidai kwamba jina hilo ni la baba yake. Mwenye mbwa alijitetea kwamba alilichagua kwa sababu anamheshimu rais. Hatuna haja ya kuamua hapa nani alikuwa mkweli, wala hatusemi kwamba jambo la namna hiyo lilistahili pingu. Tunachotaka mwone ni kwamba mmoja alisema "heshima", mwingine akasikia "matusi", na kati yao alisimama mbwa asiye na kosa lolote.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito kuliko Sango Ota, na hatuna ruhusa ya kulitania. Msemo umezoeleka magazetini na katika mikutano ya siasa, kwamba ukitaka kumwua mbwa mpe kwanza jina baya. Katika Kanda yetu ya Ziwa, waliouawa baada ya kupewa majina mabaya si mbwa. Ni akina mama wazee walioitwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kupikia miaka yote ya ndoa. Ni watu wenye ualbino, ambao kwanza waliitwa zeruzeru kana kwamba ni mizimu, kisha wakaitwa "dili" kana kwamba ni bidhaa. Mwezi Septemba mwaka 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe. Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yameitikisa nchi kwa miaka, lakini hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Masumbwe wakati huo ilikuwa katika wilaya hiyo hiyo ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga, kabla ya mwaka 2012 kutuweka katika wilaya ya Mbogwe na mkoa mpya wa Geita. Mipaka imebadilika, watu ni wale wale. Panga halikuwa la kwanza kufika katika nyumba ya mtoto yule. Lilitanguliwa na neno, na neno hilo lilikuwa limerudiwa sokoni na vilabuni mpaka masikio yakalizoea. Kwa hiyo anayemwita mbwa wake Mchawi huku akimtazama bibi wa nyumba ya pili, asituambie kwamba anatania. Anawafundisha watoto wa mtaa jina la kumwita bibi yule.

Wa aina ya pili ni wale wanaompa mbwa jina la mtu kwa upendo. Hao tunawaheshimu zaidi, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja moja.

Wanasema: Maandiko na historia ya Kanisa vinampenda mbwa. Ni kweli. Katika Kitabu cha Tobiti mbwa anafuatana na Tobia na malaika Rafaeli njiani. Mtakatifu Roko huchorwa daima akiwa na mbwa kando yake, yule ambaye mapokeo husema alimletea mkate alipokuwa mgonjwa wa tauni. Mtakatifu Yohane Bosco naye alikuwa na mbwa mkubwa wa ajabu aliyemlinda njiani alipovamiwa. Lakini tazameni majina. Mbwa wa Tobia hakuandikwa jina. Mbwa wa Don Bosco aliitwa Grigio, neno la Kiitaliano lenye maana ya rangi ya kijivu. Mtakatifu yule alikuwa baba wa mamia ya vijana, na majina ya watu hayakumpungukia. Hata hivyo, mlinzi wake alimwita kwa rangi ya manyoya yake, na hakuna anayeweza kusema kwamba hakumpenda.

Wanasema tena: mbona tangu zamani mbwa wetu wanaitwa Tomi, Jimi, Jeki na Bobi, na hayo yote ni majina ya watu? Hoja hii ni nzuri, na inafaa kuwatahiniwa nayo wanaodhani kwamba jambo hili ni jepesi. Jeki kwa Waingereza ni kifupisho cha Yohane. Tomi ni Tomasi. Majina hayo yalituingilia pamoja na Wazungu na mbwa wao, na yakakubalika kwa sababu mtaani hapakuwa na mtu wa kuitika. Lakini nyakati zimebadilika. Leo tunao vijana wanaoitwa Tomi na Jimi, waliosajiliwa hivyo shuleni. Kipimo chetu hakiulizi jina lilitoka Ulaya au Usukuma. Kinauliza kama liko sikio la mtu litakalogeuka. Palipo na Jimi wa darasa la tano, mbwa na atafutiwe jina jingine.

Wanasema mwisho: mbwa wangu ni kama mtoto wangu. Hapa tunasita. Katekisimu, namba 2416 hadi 2418, inatufundisha kuwatendea wanyama kwa wema, na kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi yetu sisi wenyewe; lakini inaongeza kwamba upendo unaowahusu watu peke yao haupaswi kuhamishiwa kwa mnyama. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye mwaka 2015 alituandikia Laudato Si' juu ya kuvitunza viumbe, ndiye pia aliyesema katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022 kwamba kuna ubinafsi pale mbwa na paka wanapochukua nafasi ya watoto. Maneno hayo yaliwaudhi wengi katika nchi tajiri. Sisi tunayaelewa hivi: mbwa anaweza kupendwa sana, na apendwe kama mbwa. Kumpa jina la marehemu baba yako hakumpandishi mbwa hadhi, maana yeye hajui baba yako alikuwa nani. Kunamfanya tu mjane wa baba yako asikie jina la mumewe likikemewa kwa kuiba nyama.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo huenda haitawapendeza wale waliokuwa wakitikisa kichwa kwa kukubaliana nasi hadi hapa.

Wakati wa ukoloni, katika nyumba nyingi za Wazungu, mbwa alikuwa na jina lake na kila mgeni alilijua. Mwanamume wa miaka hamsini aliyempikia mbwa huyo nyama aliitwa "boi". Neno hilo limeingia hadi katika Kiswahili chetu. Wazee waliolibeba hawakulia kwa sababu mbwa ana jina. Walilia kwa sababu wao hawakuwa nalo. Je, ukoloni huo umekwisha? Huko Mererani, katika machimbo ya tanzanaiti, watoto waliotumwa kutambaa katika mashimo membamba waliitwa "nyoka". Hapa katika ukanda wa dhahabu, penye maduara na makarasha, yuko kijana anayejulikana kwa lakabu tu. Akifukiwa shimoni, wenzake hawajui wamtumie nani salamu za msiba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza jina la baba yake. Na katika nyumba nyingi zilizopata nafuu ya maisha, zenye ukuta na geti na mbwa wawili, watoto wanayajua majina ya mbwa wote wawili, lakini binti anayewafulia nguo na kuwapikia uji wanamwita "hausigeli", au kwa kejeli ya mjini, "beki tatu". Alikuja kutoka kijijini na jina la ubatizo na jina la bibi yake. Yote mawili yameachwa getini.

Tunauliza, wapendwa: ni nani katika nyumba hiyo anayeitwa kwa heshima?

Someni tena sura ya 16 ya Injili ya Luka. Katika mfano ule tajiri hana jina. Maskini aliyelala mlangoni ana jina, ndiye Lazaro. Na kuna mbwa pia, waliokuja kumlamba vidonda. Mbwa wale walimkaribia mtu ambaye tajiri alimruka kila siku akienda mezani. Yesu hakuona haja ya kutuambia mbwa waliitwaje, ila jina la maskini hakuliacha. Huo ndio utaratibu tunaoutetea. Anayekataa mbwa asiitwe Yosefu, akamwita binti wa kazi "wewe", hatetei hadhi ya jina la mtu. Anatetea majivuno yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, katika kila nyumba ya Mkristo, mtu yeyote anayelala chini ya paa lake au kufanya kazi katika ua wake aitwe kwa jina lake kamili, na watoto wafundishwe jina hilo. Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo karibu na machimbo ziandike majina ya vijana wanaosali nazo, pamoja na jina la kijiji na la ndugu wa karibu. Kazi hiyo yataka daftari moja tu.

Pili, mbwa apewe jina lake mwenyewe, na liwe jema. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimletea Adamu wanyama awape majina. Kazi hiyo ni heshima, isifanywe kwa uvivu wala kwa kisirani. Mgiriki Ksenofoni, katika kitabu chake cha uwindaji kilichoandikwa karne nne kabla ya Kristo, aliorodhesha majina 47 ya mbwa, na akashauri yawe mafupi ili yaitike kwa urahisi. Kiswahili hakikosi majina ya namna hiyo: Simba, Chui, Hodari, Mlinzi, Radi, Shujaa, Kijivu. Hayo ni majina ya heshima kamili, na hayamkopi mtu yeyote kitu chake.

Tatu, heshima ya mbwa isiishie kwenye jina. Mbwa anayeitwa Shujaa huku amefungwa mnyororo mfupi juani bila maji anadhihakiwa. Zaidi ya yote apate chanjo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka hapa Tanzania kwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbilie hospitali siku ile ile. Mwenye mbwa ambaye hajamchanja, hata akimpa jina la mfalme, hajamheshimu mbwa wala jirani.

Nne, aliyekwisha kumpa mbwa jina la jirani kwa hasira alibadilishe leo. Msimhurumie mbwa, atalizoea jipya kwa siku chache akiitwa wakati wa chakula. Kazi ngumu ni ile ya kuvuka ua na kumwita jirani kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, mpaka aitike.

Tunawatakieni juma jema. Bwana aliyetuita kila mmoja kwa jina atubariki sote.